Kadi ya Deusi Imebaki Nyeupe

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimegawa kadi tena asubuhi. Kila mtu wa mashimo ya kulowekea ngozi yake moja, inabanwa kwa pini kwenye mfuko wa ovaroli. Kipande cha plastiki laini, unakikunja kama noti, kina doa jeupe katikati. Hakina betri wala waya. Gesi ya mashimoni ikikigusa, doa linageuka kahawia. Ikizidi, jeusi, na hapo mtu atoke mbio. Jioni nazikusanya, napeleka ofisini. Zile za ukutani, za joto na unyevu wa chumba cha kukaushia ngozi, nazisoma mwenyewe.

Wanunuzi wa Ulaya ndio waliozitaka. Hawapendi kusikia kwamba viatu vyao vimeua mtu. Getini mwenye kiwanda mpya amechora pundamlia. Ndani ni ng'ombe na mbuzi watupu.

Miguu inauma.

Alhamisi, 9 Machi

Tangazo ubaoni. Watu watapunguzwa mwisho wa mwezi. Serikali ilipouza kiwanda tuliambiwa hataguswa mtu. Tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi siku ile nilipiga makofi. Nikikumbuka nataka kujizaba kibao.

Ninamwogopea Deusi, mdogo wangu. Yuko mashimoni, zinapolowekwa ngozi zitoke manyoya. Ana watoto wake, na kwetu Waluguru mjomba ni mjomba, wanangu nao ni mzigo wake. Tangu baba yao aondoke ndiye anayewasimamia shule. Akipunguzwa Deusi, tumepunguzwa wote.

Jumanne, 14 Machi

Kumbe kadi hazipimi hewa. Zinapima watu.

Wawili waliorudisha kadi nyeusi wiki iliyopita wamepewa barua za kuachishwa kazi. Meneja anasema afya zao zimeshachoka, kiwanda hakifugi wagonjwa. Feni ya mashimoni imekufa tangu mwaka jana, hakuna aliyeigusa. Shimo linabaki, mtu anaondoka. Mbwa yule.

Ijumaa, 17 Machi

Leo kadi zote nyeupe. Zote! Gesi inanuka mayai viza mpaka getini, na kadi nyeupe kama nguo za komunio. Nikaishika ya Deusi. Inateleza. Selotepu juu ya doa, imekatwa kwa wembe vizuri, huioni mpaka uiinamishe kwenye mwanga. Nikashika nyingine. Hivyo hivyo.

Nilimfuata Deusi kwake Mafiga. Nikamfokea mbele ya mkewe, na Kwaresma hii.

"Dada, ikigeuka rangi nakwenda nyumbani. Isipogeuka nabaki. Wewe ungefanyaje?"

Nikazidi kufoka. Akasema pua yake inamtosha, harufu ikikata ujue gesi imekwisha. Mjinga! Harufu ikikata ghafla, pua ndiyo imekufa, gesi imezidi. Tulifundishwa wote, benchi moja. Yeye alikuwa anasinzia.

Jumatano, 22 Machi

Nimekwenda kwa Meneja. Nimemwambia itengenezwe feni kwanza, na kadi zisitumike kuchagua wa kufukuza. Akatabasamu.

"Mama, unataka na jina lako niliangalie?"

Selotepu sikuitaja. Ningeitaja wangetoka wote, na Deusi wa kwanza. Nimerudi nimekunywa chai ya rangi, imenishinda.

Jumamosi, 25 Machi

Wamemtoa Deusi shimoni.

Jumatatu, 27 Machi

Yuko hospitali. Anapumua. Macho mekundu, hajui siku.

Alishuka kuzibua bomba. Mwenzake aliyebaki juu anasema Deusi alicheka, akasema leo hakunuki kabisa. Halafu akaanguka. Wakamvuta kwa kamba.

Wifi Koleta hali, hanywi, anakunja na kukunjua shuka la kitanda. Mimi natukana tu. Nimemtukana Deusi mwenyewe akiwa amelala, halafu nikamfunika miguu.

Ijumaa, 31 Machi

Nilikwenda kudai fidia yake. Meneja akaitoa kadi ya Deusi kwenye droo, akaiweka mezani. Nyeupe pe. Akasema gesi ingekuwepo kadi ingeonyesha, kwa hiyo kijana aliugua yake mwenyewe.

Nikaibandua selotepu kwa ukucha, mbele ya macho yake. Hata hakushtuka. Alikuwa anajua! Akasema basi kachezea kifaa cha kampuni, kosa ni lake, na kazi hana.

Loh. Selotepu ikiwepo, kosa la Deusi. Isipokuwepo, hapakuwa na gesi, hakuna kosa la mtu. Nimegeuza hili kichwani njia nzima, sioni mlango.

Kadi zangu zote nikazimwaga mezani pamoja na pini. Kibarua changu nacho kimeota nyasi. Sikuaga. Pale getini nilimtemea pundamlia mate, mlinzi akaangalia pembeni.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Mgeta, kwa mama. Tulipanda na lori linalofuata mboga, matope mpaka magotini. Mvua haijaacha.

Deusi amepona, ndivyo wanavyosema. Anatembea, anataniana na watoto. Jioni kichwa kinamwuma. Mama alichuma giligilani bustanini, akaifikicha, akamwekea puani, kama alivyokuwa akitufanyia tukiwa wadogo. Deusi akavuta pumzi, akaitikia kwa kichwa. Mama akafurahi. Mimi nilikuwa namwangalia Deusi usoni, haukubadilika.

Baada ya misa nilimwachia Deusi chungu cha maharage jikoni aangalie, nikashuka kuchota maji. Harufu ya maharage yanayoungua niliipata tangu kwenye migomba. Nikapanda mbio, maji yakamwagika. Jiko limejaa moshi wa kuni kama siku zote. Deusi amekaa kando ya chungu, karibu kabisa, anawamenyea watoto muwa.

"Bado kidogo, dada," akasema.

Nikaipua. Nikampakulia ya juu, nikamwambia yameiva.

Alikula yote. Akasema matamu.