Taya Langu na Fundo Lako

Kaka yangu mpendwa,

Salamu tele kwako, kwa wifi na kwa binti yenu mtundu. Natumaini mgongo umepoa na ofisini wamekupa kiti kisichoyumba. Mimi mzima, ingawa nusu ya uso imevimba na kwa siku tatu sijabishana na mtu. Mama anasema nyumba haijawahi kutulia hivi.

Usishtuke. Nilikwenda kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego, akanipiga picha, akakunja uso. Chini ya meno mazima kabisa palikuwa na doa jeusi, ukingo wake ukipanda na kushuka katikati ya mizizi. Nilidhani kansa, Kaka. Nikaanza kugawa nguo zangu moyoni. Lile gauni la bluu nikamwachia wifi.

Daktari aligusisha kila jino kitu cha baridi, yote yakashtuka. Akasema meno yako hai na taya halina uvimbe wala maumivu, kwa hiyo huenda si ugonjwa mbaya, ila lazima afungue aone. Alipofungua alikuta pango tupu. Akalikwangua kidogo ili damu ijae, maana hiyo ndiyo itakayojenga mfupa.

Kisha, mdomo wangu umejaa pamba, akauliza kama niliwahi kugonga taya utotoni. Eti mara nyingine hutokana na hilo, ingawa hata wao hawana uhakika. Mama, aliyenisindikiza, akadakia: bembea! Akamsimulia jinsi fundo lako kwenye bembea uliyonitengenezea lilivyofunguka nikapiga kidevu kwenye ngazi, na marehemu Baba alivyokunyang'anya randa akisema mkono wako haufai useremala. Niliishukuru ile pamba, na hapo ndipo nilipoona aibu.

Fundo lako halikufunguka, Kaka. Nililifungua mimi asubuhi ile, nikaenda kuruka ile kamba ya bembea na wenzangu, kisha nikaifunga tena kwa vidole vya miaka tisa. Niliogopa fimbo. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi nimeumbuliwa na picha ya jino.

Wifi aliniambia binti yenu aliomba bembea, ukamjibu mikono yako haiaminiki kwenye kamba. Nisamehe. Jana nilimweleza Mama yote. Alilia, kisha akatoa sanduku la zana za Baba mvunguni. Linakuja na barua hii. Randa ina kutu kidogo.

Mbusu mtoto. Mwambie shangazi atakuja mfupa ukianza kujaa, na bembea hiyo ataipanda yeye kwanza, kwa uzito wake wote.

Mdogo wako,
Kidomo