Maji ya Asubuhi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei 1953
Shule, kisha darasa la ubatizo, kisha kupura uwele. Mgongo hauna hali. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kapita na gari lake, watoto wote wakahamia dirishani, nikabaki nafundisha ubao.

Darasa la ubatizo wako tisa. Mkubwa wao ni mama mkwe wangu, Nyamughenyi, na ndiye anayejibu kwa sauti kuliko wote. Nampenda mama huyu. Tangu niletwe hapa Mtinko kutoka kwetu Kilimatinde ni miaka minne, mtoto sina, na hajanisema hata siku moja. Mimba mbili zilitoka. Zote mbili ni yeye aliyenikanda.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeamka mapema, nikamwona. Kasimama nyuma ya zizi, uso mashariki. Kachota kwa kata maji yenye unga wa uwele, kayashika mdomoni, kayapuliza kuelekea jua linapochomoza. Huku ananong'ona Kinyaturu.

Anaabudu jua! Mwanafunzi wangu! Juzi tu kaisema amri ya kwanza bila kukosea.

Ijumaa, 8 Mei
Leo tena. Nimemwambia mume wangu Elia. Kacheka, kasema si umuulize mwenyewe. Niulize nini na macho ninayo? Nimemnyima kikombe cha pili cha chai.

Jumapili, 10 Mei
Mchungaji kakumbusha: majina apelekewe Jumamosi, ubatizo ni Pentekoste. Asiyeacha mambo ya zamani asiandikwe.

Mama kashonewa gauni jeupe. Kaja nimkague pindo. Nimesema zuri. Sikuweza kumtazama.

Jumanne, 12 Mei
Nimefuta jina la mama kwenye orodha ya ubatizo. Kwa wino, mistari miwili.

Kisha darasani nikawasema wanaoabudu jua, kwa ukali, macho kwake. Mdomo wangu huu! Kila mtu kaelewa. Jioni mama kanipakulia ugali na mlenda kama kawaida. Nimemsogezea Elia sahani yangu.

Alhamisi, 14 Mei
Kaja mwenyewe. Nilikuwa napepeta. Kaketi karibu yangu, kaanza kuongea Kiswahili chake cha mnadani, polepole.

Elia alipobatizwa, majirani walimwambia mama kwamba Wakristo wanakula mtu na kunywa damu yake. Aliogopa sana, kwani ndiye mwana aliyebaki. Hakumgombeza. Alikwenda kusimama nje ya dirisha la kanisa, Jumapili hata Jumapili, mwezi mzima, anaangalia. Ndipo akamuuliza mwanawe. "Mimi niliuliza, mwanangu. Wewe je?"

Aibu niliyoipata! Nikauliza.

Kasema jua halisikii kitu. Anamwomba Mungu aliyeliumba. Asubuhi ndipo Mungu anapoanza kazi, basi ni vizuri kumuwahi, kama tunavyomuwahi Mchungaji kabla hajaondoka na baiskeli. Maji ni baraka kwa wale anaowataja. Unga ni ili wasikose kula. Nikauliza anawataja akina nani. Kasema njoo kesho usikie.

Ijumaa, 15 Mei
Nimekwenda. Baridi kali. Kinyaturu changu ni cha sokoni, lakini majina ni majina. Elia. Wanawe wawili waliokufa. Ng'ombe mwekundu anayeumwa. Kisha Raheli. Raheli tena. Mimi!

Kageuka, kanipulizia maji tumboni, kidogo tu. Nimelia kama mtoto. Kasema ni kila siku tangu nije. Kwa hiyo hata Jumanne.

Jumamosi, 16 Mei
Nimeandika orodha upya, karatasi safi. Jina la mama ndilo la kwanza.

Mchungaji kalisoma kasita. Habari za maji zimemfikia. Kauliza, ameacha? Nimejibu hajaacha. Nimesema ni sala, na mimi nilimhukumu bila kumuuliza, na wewe, Mchungaji, naomba usifanye kama mimi. Njoo umuulize. Ukimfuta bila kumuuliza, unifute na mimi kwenye walimu. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Kaikunja orodha, kaitia mfukoni. Kasema atakuja Jumatatu, mapema.

Jumatatu, 18 Mei
Kafika kabla ya jua, tairi za baiskeli zimelowa umande. "Shikamoo mama," kasema, kofia mkononi. Kafungua mdomo aulize, mama kamwashiria asubiri. Sala kwanza.

Elia. Marehemu wale wawili. Ng'ombe mwekundu, ambaye leo kala. Raheli. Halafu, wazi kabisa, jina la Mchungaji. Na maji yakamfikia.

Kajifuta uso. Kaomba kiti.

Wako huko nyuma ya zizi mpaka sasa, yeye anauliza, mama anajibu kwa sauti kama darasani. Orodha iko mfukoni mwa Mchungaji, haijafutwa kitu. Mimi nachemsha chai.