Kwa Jama, Mfamasia Aliyemsemesha Mbuzi

Mwaka umetimia, Jama, tangu homa ya siku chache ikuchukue kutoka kwetu, na bado watu wanafika dukani kwako hapa mtaani Iftin wamebeba dawa zao zote kwenye vifuko, wakitaka uwakague. Kananu, msaidizi wako, huwakalisha kwenye benchi na kuwaeleza taratibu kwamba hupo tena. Wengine hulia. Mzee mmoja alimfokea, akidhani umejificha stoo.

Ulikuwa mfamasia wa kuuza kidogo na kuuliza sana. Hukumpa mtu dawa mpya kabla hajakueleza ile ya zamani anaimezaje. Mwalimu Kang'ethe alipokiri kwamba vidonge vya kutwa mara tatu huvibugia vyote asubuhi, eti mchana ana madaftari ya kusahihisha, ulimuuliza kama Jumatatu pia hula chakula cha wiki nzima. Naye Siyad, mfugaji wa Bura, alikuambia bila haya kwamba kila kidonge alikigawana na ngamia wake, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanakohoa.

"Na nani amepona?" ukauliza.

"Ngamia."

Ulicheka mpaka ukavua miwani, kisha ukampa dozi nyingine na kumwapisha kwamba ataimeza peke yake.

Lakini wewe hodari wa kuhoji, kuna mtu mmoja aliyekushinda: mama mkwe wako, Ayeeyo Sharifo, bibi wa watoto wako, tuliyeishi naye nyumba moja. Kwa adabu ya wazee wetu, mtu na mkwewe hustahiana. Yeye hakuwahi kulitamka jina lako, na wewe ukisikia kandambili zake ulitokea mlango wa nyuma. Presha yake ilikataa kushuka. Mkono wa kushoto ukaanza kumfa ganzi, nawe ukakosa usingizi. Kila ulipomtuma mkeo Fosia amuulize kuhusu dawa, jibu lilikuwa lile lile: "Ninameza." Utabishanaje na mkwe?

Ndipo siku moja wakaja dukani majirani watatu, akina mama, wote wanayumba kwa kizunguzungu. Kananu akawapima, akakuta presha zao ziko chini kabisa.

"Mnameza dawa gani?" akawauliza.

"Hakuna dafa, abaayo," akajibu Mama Rukiyo. "Sisi nakunywa shaah tu, kwa Sharifo. Na ile kidonge yake."

"Kidonge gani?"

"Si ile anagawa na shaah! Mtu atameza beke yake, wageni wanaangalia?"

Kumbe mama mkwe wako alikuwa akiwakirimu wageni vidonge vya presha pamoja na chai! Dawa za mwezi ziliisha kabla mwezi haujafika katikati, na siku zilizobaki alikaa hivi hivi, maana aliona aibu kumwomba mkwewe dawa nyingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hapa mwenyeji ndiye aliyekuwa anakwisha.

Uliposikia hayo, ulirudi nyumbani mbio bila kufunga duka. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Ukachuchumaa uani mbele ya mbuzi wa maziwa, ukapaza sauti ikasikika hadi barabarani.

"Ewe mbuzi! Dawa ya presha haigawanywi kama nyama. Humsaidia mgonjwa, na asiye mgonjwa humwangusha. Usipoimeza, leo mkono umekufa ganzi, kesho mwili mzima. Na watoto wangu wamebakiwa na ayeeyo mmoja tu."

  Mama naye akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Mbuzi, muulize huyo, wageni wangu watanionaje?"

"Mbuzi, wageni wapewe tende."

"Mbuzi, tende zimeisha."

"Mbuzi, zitaletwa leo hii!"

Ukaleta boksi zima. Majirani wakaacha kuyumba, presha ya mama ikashuka, na mkono wake ukarudi kuupiga unga wa anjera, mikate yetu ya asubuhi. Tangu hapo mbuzi yule alishauriwa mambo mengi sana ya nyumba hii.

Sote tulidhani mama ndiye atatangulia na wewe utabaki kututunza. Allah alipanga vingine. Pengo lako tunaliona kila siku, Jama, na tulikupenda kuliko tulivyowahi kukuambia. Allah akuweke pema.

Hutatutoka moyoni sisi mkeo Fosia, wanao Idil na Abdihafid, dada yako Nasteho aliye Mandera, na Kananu uliyemwita binti yako.

Ayeeyo Sharifo amekataa tumsemee. Alikuja akaketi karibu na anayeandika, akaondoa mtandio usoni, akasema mwenyewe:

"Jama, mwanangu, leo nimemeza."