Babu Neema, Kitanda Chako Nimekiuza kwa Keshi

Babu Neema, mume wangu,

Kitanda nimekiuza. Nakuambia mwanzo kabisa usije ukasikia kwa watu, maana najua huko uliko habari zinafika, na najua utakavyoguna. Haya, guna. Ukimaliza kuguna unisikilize.

Anayeandika ni mjukuu wako. Mimi nasema, Neema anabonyeza simu. Nimemkataza kunipunguzia maneno. Akimaliza ataibandika barua hii kwenye lile kundi la simu la kuuza na kununua vitu, palepale alipoitangaza picha ya kitanda chako, kwa sababu yumo mtu nataka aisome. Wewe tutakusomea tukipanda mlimani.

Nimeuza kwa sababu yako. Ulitaka uzikwe kwenye shamba la mama yako, kule juu, kwa kuwa kwetu Uluguru mtu hurudi kwa mama yake, na mimi sikubisha. Lakini shamba lenyewe la mama yako, baba, limeinama kama paa! Mvua zikala udongo wa kaburi upande wa miguu, zikalaza ule msalaba wa miti. Kila nikipanda nakuta umepungua. Padri akapita akaniambia, "Mama, hapa panahitaji zege kabla ya masika, la sivyo mzee atateremka." Kila mtu ana neno la kusema, mwenye saruji simwoni. Nikarudi hapa Kihonda, nikazungusha macho ndani mwetu, nikaona kitu cha thamani ni kimoja tu.

Unakumbuka ulivyokichonga? Mninga mtupu. Nilikuuliza, "Hiki kitanda au daraja?" Ukanijibu, "Mke wangu ana mwili, nimlaze kwenye fito?" Ukachora na ua upande wa kichwani. Wewe ulisema waridi. Mimi mpaka leo naona kabichi. Watoto wetu wamezaliwa juu ya kitanda hicho, na wewe ukaugua juu yake, ukakata roho juu yake umenishika kidole, si mkono, kidole, kama mtoto mchanga. Usifikiri nimeuza kwa kuwa sikumbuki.

Neema akaniuliza, "Bibi, utalala wapi?"

"Godoro lipo. Mimi nitalala chini, babu yako asiteremke."

Basi akapiga picha, akaitupa huko kwenye kundi. Simu ikalia mpaka ikawa ya moto. Wa kwanza hata salamu hana: "Mwisho bei gani?" Mwingine anauliza kama kinakunjika. Mwingine anataka kujua kama kimetumika. Nikamwambia, mwanangu, hicho ni kitanda, ulitaka kiwe kimefanya kazi gani nyingine? Akakata. Watu wa simu hawana uvumilivu.

Halafu tukaanza kugombana habari ya malipo. Neema akasema, "Bibi, mtu humjui, hakujui. Asilete keshi nyumbani. Atume kwa simu, tuangalie salio, ndipo kitanda kitoke." Nikamwambia meseji mimi sisomi, na jirani yetu Mama Shamimu alitumiwa meseji nzuri kabisa, mbuzi akaondoka, hela haikufika, meseji ilikuwa ya kutungwa. Akasema, "Ndiyo maana nikasema salio, Bibi, sikusema meseji!" Nikamwambia asinipigie kelele. Hela ninayoijua mimi ni ya kushika. Mwisho akalegea: "Sawa, iwe keshi. Lakini tutoke naye mpaka kwa wakala wa pesa za simu pale kona, azikague noti kwenye taa yake mbele yetu, kitanda kikiwa bado ndani." Tukakubaliana. Nilikubali kwa mdomo wangu huu huu.

Mnunuzi akaja Neema akiwa chuoni Mazimbu. Kijana amenyooka, ana kirikuu, kile kigari cha mizigo, na wapagazi.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Umefuata kitanda?"

"Nimefuata kitanda. Hivi Bibi wewe Mluguru?"

"Kwani nafanana na nani?"

Akapiga makofi. "Mimi Mnyamwezi wa Tabora! Kumbe nimekuja kununua kitanda kwa mtumwa wangu!"

Babu Neema, nilicheka. Tangu wewe uondoke hakuna mtu aliyenitania ndani ya nyumba hii. Majirani wananionea huruma, watoto wananipigia simu kwa sauti za chini kama wako kanisani. Huyu anakuja kunitukana mlangoni kwangu kama ilivyo haki ya mtani, Mnyamwezi kwa Mluguru! Nikamjibu, "Mnyamwezi gani huna hata mzigo kichwani? Pita ndani, mwizi wa kuku."

Akavua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, akaingia. Akapanda kitandani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani kama maiti. "Sitoki hapa mpaka ninywe chai ya msiba."

Nikachemsha chai. Nilikukumbuka. Hukuona wewe siku ya mazishi yako alivyofanya Maganga, yule rafiki yako Mnyamwezi wa kiwandani. Alivaa koti lako, akapanda kitandani kwako na mabuti ya matope yaliyotoka kuchimba kaburi, akakohoa kikohozi chako, akaita kwa sauti yako, "Bibi Neema, chai iko wapi?" Watu wote waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, na mimi mjane nikacheka kuliko wote. Alikataa kushuka mpaka nikampa jogoo. Shuka zile nilifua mpaka mikono ikachubuka. Ndiyo maana huyu kijana alipojilaza niliona kama nyumba imefunguliwa dirisha.

Akanyoosha bunda la noti nyekundu, za elfu kumi kumi. Nikasema, kama tulivyopatana na Neema, "Twende hapo kona kwa wakala azitazame."

Akainuka akakaa. Uso ukabadilika. "Mtani, unanipeleka kwa wakala kama kibaka? Sisi ndio tunaochimba makaburi ya wazee wenu, leo hela yetu imulikwe taa?"

Nikaona haya. Unanijua. Unakumbuka sokoni, enzi tukishusha mafyulisi na kabichi, ulivyokuwa unainua kila noti juani, unaigeuza, unaikunja, mpaka mteja anakuuliza, "Unamtafuta ndugu yako humo?" Nilikuwa nakukanyaga mguu chini ya meza. Nilikuambia unatia watu aibu, na bado nasema ulikuwa unatia aibu. Mimi siwezi. Mtu amekunywa chai yangu, ameniita mtumwa, nimwinulie noti yake juani?

Nikachukua. Nikafunga kwenye pindo la kanga. Kitanda kikatoka mlango wa mbele, lile kabichi lako likiangalia juu.

Kesho yake nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kuchukua saruji. Muuzaji akahesabu zile za juu. Akazishika za chini, akazipapasa, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Bibi, hizi umezitoa wapi?" Za juu chache zilikuwa hela, hazitoshi saruji. Za chini karatasi. Watu wakageuka kuniangalia mimi, bibi kizee na kanga yangu, kama nina mtambo wa noti chini ya godoro.

Polisi walinisikiliza, wakaandika, wakachukua zile karatasi. Namba ya yule kijana haipatikani. Kwenye kundi jina lake limeshafutika, ingawa Neema anasema huenda bado yumo kwa jina jingine. Halafu, Babu Neema, ndipo ushauri ukafunguliwa! Mama Shamimu, aliyeliwa mbuzi, ananifundisha. Fundi viatu ananifundisha. Padri ananifundisha. Muuza maji hata simfahamu amesimamisha baiskeli kuniambia ningemwita mjumbe wa mtaa awe shahidi. Siku ile ninayo chai jikoni na kijana ameniganda, mlikuwa wapi nyote?

Neema yeye hakunifundisha. Aliniuliza neno moja tu, "Bibi, tulikubaliana nini?" Kisha akalia. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwambia anyamaze, nikampikia ugali, nikamlisha tonge la kwanza kwa mkono wangu ingawa ana ndevu za usomi. Anasema hana ndevu. Andika hivyo hivyo.

Nilikuwa na hasira na Wanyamwezi wote. Nikamfuata Maganga kwake. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo. Sikumsalimu.

"Ndugu yako kanilia kitanda cha marehemu!"

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Alipanda kitandani?"

"Alipanda."

"Na viatu?"

"Alivua mlangoni. Akavipanga."

Maganga akajipiga paja mpaka fimbo ikaanguka. "Bibi mjinga wewe! Mtani gani anavua viatu kwenye nyumba ya Mluguru? Mimi ningevua, ungenionaje?"

"Ningejua unaumwa."

"Sasa! Yule si Mnyamwezi. Yule ni mtu aliyesikia habari zetu tu, hakuzaliwa nazo."

Nikakaa chini palepale kwenye kizingiti chake. Ni kweli. Nimeibiwa na mtu mwenye adabu. Matusi yake yote nilikuwa nayapokea kwa furaha, na viatu vile vimekaa mlangoni vinaniambia, nami sikuvisikia.

Wiki ile ile Maganga akapanda mlimani. Miguu ile! Alipanda na fimbo, wanawe wamebeba saruji na mchanga, mimi nyuma na maji. Nikataka kumshukuru, akanikatiza: "Sikukuletea wewe, sura hiyo! Namletea maiti wangu. Sitaki akaseme huko kwamba Wanyamwezi wamemlia kitanda."

Umejengewa, mume wangu. Zege limeshika mpaka upande wa miguu, msalaba umesimama, na maji yana mfereji wake pembeni. Masika ije. Hushuki tena.

Walipomaliza kusawazisha, Maganga akajinyoosha kwenye majani kando yako, na mabuti yake, akafumba macho. "Siinuki mpaka nilipwe."

Sikuwa na jogoo. Nikapapasa pindo la kanga nikakuta noti moja nyekundu ya yule kijana, ilijificha kwenye fundo nilipowapa polisi zile nyingine. Nikampa. Akaiinua juani. Akaigeuza, akaikunja, kama wewe kabisa, Babu Neema, mpaka nikataka kumkanyaga mguu.

"Karatasi," akasema.

"Ndiyo saizi yako."

Alicheka akakohoa. Akaichana vipande asije mtu mwingine akaumia nayo, akavizamisha kwenye zege bichi, upande wa miguu yako, akapitisha mwiko juu.

Kwa hiyo mimi nalala kwenye godoro, na usiku nikinyoosha mkono nagusa sakafu. Sijazoea. Neema anasema tukiuza kitu kingine yeye atakaa mlangoni mwenyewe, na hela itapita kwa wakala hata mnunuzi awe askofu. Nimemkubalia, safari hii nimeweka na kidole gumba.

Na wewe uliyelala kitandani kwa mume wangu, kama unaisoma hii: chai yangu ulikunywa, nakusamehe chai. Kitanda kina chaga moja inayolia upande wa ukutani, usiipigilie misumari, inapasuka. Mengine utayamaliza na mwenyewe.

Babu Neema, hela yake unayo hapo miguuni. Siku akija huko, usimwonee haya kama mimi. Mrudishie mkononi, keshi.

Ni mimi mkeo, Bibi Neema, ninayekugombeza na kukupenda.