Siku Tulipomkaribisha Bibi Bandani

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, usije ukasema London imenipokonya ulimi. Ukikuta makosa yasahihishe kimoyomoyo kama ulivyozoea, maana hukuwahi kuiacha sentensi yangu ipite salama. Nimekaa jikoni kwangu Hayes, dirisha limetanda ukungu, na tangu asubuhi nakufikiria wewe na lile banda. Watoto wa wenzangu huwakumbuka baba zao wakiwa msikitini au wakitoka kazini. Mimi nakukumbuka umesimama katikati ya utepe wa kaseti unaoning'inia kutoka darini, mwingi mpaka uso wako hauonekani vizuri.

Unakumbuka maji yalivyoingia? Hayakuwa na kelele, na ndiyo maana yananitisha mpaka leo. Kile kijito cha nyuma ya fleti zetu pale Hounslow, ulichokuwa ukikicheka kwamba hata bata wanaona haya kukiogelea, kilikunywa mvua ya siku nyingi kikapanda ukingo taratibu. Mama alikuwa anachagua mchele. Akasema, "Mbona zulia linanyanyuka?" Tukatazama. Zulia la ukumbini lilikuwa linavimba na kushuka, linavimba na kushuka, kisha maji yakatokea pembeni, meusi, yanakuja bila haraka. Tulikimbilia kwa jirani wa juu na nguo tulizovaa.

Maji yaliposhuka tukarudi. Mama alililia friji na makochi. Wewe hukulilia kitu. Uliingia chumbani, ukavuta sanduku la uvunguni, ukakaa nalo mapajani huku tope likikutiririka suruali nzima. Ndani mlikuwa na kaseti za Bibi, mama yako.

Bibi hakujua kuandika, na simu wakati ule ilikuwa ghali, kwa hiyo miaka ya tisini yote alikuwa akikuletea sauti yake kutoka Pemba kwa mkono wa wasafiri. Kila kaseti ilianza vilevile. Alipiga hodi. "Hodi! Hodi humo ndani! Ni mie." Kisha ananyamaza, anasubiri. Kwake yeye kuingia kwenye redio yako ni kuingia nyumbani kwako, na mtu mwenye adabu zake haingii mpaka akaribishwe. Tunamjibu sote, "Karibu!", na hapo ndipo anapoanza habari za mbuzi wake na ndoa za watu. Alipofariki hukwenda kumzika, karatasi zako za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka. Ulizifunga zile kaseti kwenye sanduku na hukuzipiga tena. Nilidhani umezisahau. Kumbe ulikuwa umemlaza Bibi chini ya kitanda chako.

Baada ya mafuriko ukanyamaza. Ulikwenda kazini ghalani, ukarudi, ukakaa kwenye kiti kilichonuka mto. Mama akikuuliza unataka chai ya maziwa au ya rangi, unajibu, "Ndiyo." Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka.

Wala hukuwa peke yako. Wanaume wa fleti zote zile walikuwa wakisimama maegeshoni mikono mifukoni, wakiangalia vitanda vyao vilivyofura kwa maji. Mama mmoja wa kaunsili akatambua kwamba ukiwaita wanaume hao mkutanoni waje waeleze huzuni zao, hatakuja hata mmoja. Wape msumeno na kitu cha kutengeneza, watakuja. Akawapa ufunguo wa banda la kando ya uwanja wa mpira, lililokuwa likihifadhi mashine za kukatia nyasi. Nalo lilikuwa limezama. Mstari wa maji ulikuwa umebaki ukutani usawa wa kifua, na hata mlipopaka rangi ulijitokeza tena.

Mama ndiye aliyekutoa nyumbani. "Nenda ukashike randa, Baba Zuhura. Nyumba hii haitaki sanamu." Mlikomba tope na Ami Seif, rafiki yako wa tangu Unguja, aliyekuwa akiendesha teksi. Mwangi, yule nesi Mkenya wa ghorofa ya pili, akaleta meza ya hospitali iliyotupwa. Na Frank, mzee wa Kiingereza wa mlango wa pili, fundi redio mstaafu, akaja na jiliwa la kubania vitu, koleo na kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na mlango kwa ajili ya sigara zake. Siku za mwanzo mlifufua viti. Nikija na birika la chai nasikia nyundo, na mara mojamoja nasikia kicheko, na moyo wangu unatulia kidogo.

Kisha siku moja ukaja na sanduku. Ulilifungua mezani. Frank akatazama kaseti zilizojaa tope, akakutazama wewe, akasema, "We can have a go," yaani tujaribu. Mkazifungua moja moja. Mkaosha utepe kwa maji ya vuguvugu, mkautundika kwenye kamba kutoka ukuta huu hadi ule. Banda likajaa nyuzi za kahawia. Hewa ikipita zinanong'ona. Ami Seif alikuwa akipita chini yake ameinamisha kichwa, kama anapita mbele ya wakubwa.

Nyingi zilikuwa zimekufa. Moja ikapona.

Nilikuwepo, Baba, kwa hiyo usiniambie kuwa ni hadithi za Ami Seif. Ilikuwa alasiri ya baridi, zile alasiri za London ambazo giza linakuja kabla watu hawajatoka makazini. Frank alibonyeza kitufe cha redio. Tukasikia mchakacho, kisha mlio mzito wa kitu kinachobubujika, kisha, kwa mbali, "Hodi! Hodi humo ndani! Ni mie." Akanyamaza, anasubiri.

Nasi tukajibu. Hakuna aliyefikiri. Wewe, mimi, Ami Seif, hata Mwangi ambaye hakumjua Bibi, sote kwa pamoja: "Karibu!" Mtu akipiga hodi utamjibu nini?

Frank peke yake hakujibu, maana hakuelewa. Alikuwa amerudi kuketi palepale mlangoni. Nikamwona anageuza kichwa, anavua kofia, anainuka, anasogeza kiti chake nyuma. "Sorry, love," akasema, akimpisha mtu.

Hapakuwa na mtu.

Utepe wote ulitikisika, ule wa mlangoni kwanza, halafu wa katikati, halafu ule uliokuwa juu ya kichwa chako. Bibi akaendelea kuzungumza kwenye kaseti, akamtaja mbuzi mmoja mkorofi, na katikati ya sentensi akakatika. Mwisho wa utepe ulikuwa umeliwa na tope. Mwangi akamuuliza Frank alimpisha nani. Frank akashangaa swali lenyewe. "The old lady," alisema. "Isn't she with you?" Alidhani yule bibi mzee kaja nasi.

Kuanzia siku ile kiti cha Frank hakikukaliwa. Frank mwenyewe alileta kingine. Ukipitisha mkono juu ya kile cha kwanza unakuta kuna joto, na hita iko upande wa pili. Mlango mliofunga mnaukuta uko wazi kidogo, kiasi cha kupita mtu mwembamba. Ami Seif akawa ana abiria wengi ghafla, hana nafasi ya kuja. Mwangi akaniambia ngazini, "Dada, mimi hufanya kazi na wagonjwa mahututi, sio mtu wa kuogopa. Lakini hiyo kitu tulifanya haikuwa poa. Tuliita mtu aingie, na hatukumjua." Wengine wakafuata. Banda mlilolitoa kwenye tope kwa mikono yenu likabaki na wewe na Frank, na baadaye wewe tu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikumwogopa Bibi. Niliogopa uso wako, kwa sababu ulikuwa na furaha. Ulitoka kazini moja kwa moja hadi bandani, ukapiga ile kaseti, ukakaa kukielekea kile kiti. Nilikuchungulia dirishani. Ulikuwa unazungumza, Baba, wewe ambaye nyumbani ulikuwa huna la kusema. Unazungumza, unanyamaza, unatikisa kichwa, unacheka. Chakula cha Mama ukawa hukigusi, unasema umeshakula. Ukakonda mpaka saa ikawa inazunguka mkononi. Na ulipoingia nyumbani uliingia na baridi ya mto, ninaapa, na kila ulipopita zulia jipya lilikuwa na unyevu.

Mama alinishika mkono jikoni. "Zuhura, babaako anaondoka na mie namuona. Kamtafute Seif."

Nilimkuta Ami Seif kwenye teksi yake, anakunywa kahawa. Nilimlaumu kwa kukukimbia. Hakujitetea. Akaweka kikombe chini, akasema, "Tatizo si kumkaribisha, mwanangu. Mgeni hukaribishwa. Tatizo kaseti imekatika. Mamaake kaingia na hajaaga. Mgeni asiyepewa rukhsa ya kuondoka atatokaje? Na sisi hatuwezi kumpa. Mpaka mwenye nyumba, naye ni babaako."

Akawakusanya. Sijui aliwaambia nini, ila walikuja wote, Mwangi na sare zake za hospitali, na Frank akiwa amechana nywele. Ulipowaona ulikasirika. Ulisimama mbele ya redio umetanua mikono. Ami Seif hakubishana nawe, alikushika bega tu. "Sheikh," alisema, "umemweka mzee kwenye baridi hii. Mwanamke wa Kipemba, kwenye banda la Waingereza. Mpe rukhsa yake akapumzike."

Ukapiga kaseti. Safari hii hodi ilipopigwa hakuna aliyejibu, tukauma midomo. Bibi akazungumza mpaka kwa yule mbuzi, akakatika. Ukabaki mchakacho peke yake. Tulisubiri. Nilikuona unafungua mdomo na kuufumba, unafungua na kuufumba, na machozi yanashuka hadi kwenye ndevu. Sijawahi kukupenda kama dakika ile, na sijawahi kukuonea huruma kama dakika ile.

"Rukhsa, mama," ulisema. "Nenda. Nisamehe sikuja kukuzika. Nenda kapumzike, mama."

Frank hakuelewa hata neno. Lakini alinyanyuka, akafungua mlango, akaushikilia. "Mind the step, love," alisema kwa upole, akasubiri muda ambao mtu mzima huhitaji kushuka kidaraja cha mlangoni, kisha akaufunga. Utepe ukatulia. Ami Seif akaanza Fatiha.

Jioni ile ulikula sahani mbili, na Mama akajifanya hakuona. Kisha ukatusimulia Bibi, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyokuwa akikufukuza na upawa na jinsi alivyoficha machozi siku uliyosafiri. Ulizungumza mpaka chai ikapoa, na hukunyamaza tena kwa miaka yote uliyobakiwa nayo. Banda likajaa. Nusu ya Hounslow ina viti vilivyopita mikononi mwenu.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuandikia.

Tangu tulipokuzika, Baba, mlango wangu wa jikoni haukai umefungwa. Asubuhi kiti cha kuelekea dirishani nakikuta kimevutwa, na kina joto. Wiki iliyopita mwanangu alikuwa akila hapa, akasogeza sahani yake pembeni bila kuambiwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba Babu anataka pa kuweka mikono. Kulikuwa na vumbi la mbao mezani, laini, la randa.

Nilimweleza Ami Seif. Ni mzee sana siku hizi, lakini alielewa mara moja. "Humjui mwenye nyumba ni nani?" aliniuliza. "Ni wewe. Sema neno lile, mwanangu. Babaako alilisema." Nikamwambia nitalisema Ijumaa, tukimaliza kukusomea hitima. Ijumaa ikapita. Nimemwambia nimeshalisema.

Nimemdanganya mzee wa watu. Nakuonea huruma na baridi hii, na najua inakupasa ukapumzike, na najua wewe uliliweza. Mimi siwezi, Baba. Huwezi kunidai ujasiri wako. Chai iko mezani, ya maziwa, nimeitia iliki. Kaa kidogo.

Mwanao,
Zuhura