Mama Mkwe Asema Tumemtilia Sumu

Mpendwa Mama Kuenga wa redio,

Nisaidie kabla sijarukwa na akili. Mimi ni Yangzom, mfumaji wa hapa Mongar, nimechumbiwa na Kinzang, dereva wa lori, na mambo yalikuwa shwari mpaka mama yake, Mama Lhadon, alipokuja kwetu, mama yangu akampashia ara, pombe yetu ya nafaka, kwa yai, akampakulia wali mwekundu na pilipili zilizopikwa kwa jibini, akala akasifu, lakini jioni tumbo likamkata akatapika, na kulipokucha mtaa mzima ukasikia kwamba nyumba yetu ni ya watia sumu, na unajua maneno hayo yanavyonata huku mashariki, sasa majirani wanasema wameshiba hata kabla ya kukaribishwa, na mama yangu, ambaye raha yake ni kulisha watu, anapikia kisufuria na kulia jikoni. Nilimwuliza Mama Lhadon, "Mama, si wewe unayemeza vidonge vya kiungulia tangu nikujue?" Akanijibu, "Vile ni vya pilipili, mwanangu. Hii ni sumu, hata nguo zinanipwaya!" Anataka uchumba uvunjwe. Naye Kinzang, eti asimuudhi mama yake, huingia kwetu kwa mlango wa nyuma, anakula sahani tatu, anajifuta mdomo na kusema, "Usimwambie Mama." Nampenda. Nifanyeje?

Yangzom mwanangu,

Pole, na mama yako pia. Kama kwenu kungekuwa na sumu, kwa sahani zile Kinzang tungekuwa tumeshamwashia taa za siagi za marehemu.

Sasa nisikilize. Kuna bakteria anayekaa tumboni, na nchini mwetu zaidi ya nusu ya watu tunaye. Wengi tulimpata utotoni, nyumbani, pengine tulipotafuniwa chakula na kunyweshwa kikombe kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Wengi hawasikii lolote, wengine huchimbwa vidonda vya tumbo, na wachache, miaka ikipita, hupata saratani ya tumbo. Hata mimi nilikutwa naye, na kwenu sijawahi kula.

Lakini wewe nawe! Umeona nguo zinampwaya, umeona vidonge vya miaka, halafu unaniuliza habari za uchumba? Anayekonda na kutapika habishiwi, anapelekwa hospitali, tena wiki hii. Apimwe, na daktari akiona haja amtazame ndani kwa kamera. Akikutwa na bakteria, ameze dawa mpaka ziishe hata zikimchachusha mdomo, kisha apimwe tena. Nanyi nyote mwulizeni daktari kama mnapaswa kupimwa. Ila usimwambie, "Twende nikuoneshe hatukukutilia sumu." Mwambie, "Mama, nataka uwepo harusini kwangu."

Kinzang ndiye aendeshe gari. Wakirudi, aingie kwenu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mama yake akimtazama, akae ale. Akishindwa hilo, uchumba uvunje wewe mwenyewe.

Na mama yako arudishe sufuria kubwa mekoni. Nikipita Mongar nakuja na njaa.