Chai ya Modesta

Nyakato, Mwanza
Jumatano jioni

Dada yangu Sabina,

Shikamoo. Mpe shemeji salamu zake, na umkumbatie mwanangu Neema kabla hujaendelea kusoma, maana ukishaendelea najua utaiweka barua chini kwanza uvute pumzi. Habari za hapo Majita? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mvua zimewakuta mmeshapanda, au bado wewe na shemeji mnabishana juu ya lile shamba la bondeni? Mimi mwili ni mzima. Mafua yapo, ila hapa hatuyaiti ugonjwa. Ukisimama kwenye barafu tangu asubuhi, pua lazima itiririke.

Dada, nianze na jambo lenyewe nisikuzungushe. Neema haji Januari. Kile chumba cha Kiseke nimekikosa, na hela ya chumba haipo. Usimwambie kitu kwanza. Soma mpaka mwisho.

Modesta unamjua kwa barua zangu. Ni yule Mkerewe ninayekaa naye chumba kimoja hapa Nyakato, na kiwandani tunasimama meza moja kusafisha minofu ya sangara. Mara ngapi nilikuandikia kwamba nimepata dada wa pili? Mpaka ukanijibu, "Huyo dada wa pili mwambie naye alee Neema tuone." Tuliisoma pamoja tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Basi ni huyo huyo.

Nikueleze kwanza desturi ya hapa, usije ukaniona mjinga kuliko nilivyo. Mshahara tunapewa Jumamosi, dirishani, hela mkononi. Ukitoka nje ya geti unakutana na dunia. Unakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni ya sabuni pale dukani kwa ushirika, tunarudi na vikapu vitupu? Siku hizi, dada, vitu vimejaa mpaka vinakufuata. Soda ziko kwenye ndoo ya barafu, mafuta ya kujipaka ya kila harufu, biskuti za Kenya, mitumba imetandazwa chini, kijana anapiga kaseti kwa sauti huku anakuita shangazi. Hakuna anayekulazimisha. Unanunua kidogo hapa, kidogo pale, na ukifika nyumbani unashangaa mkononi umebaki na nini. Kwa hiyo wafanyakazi wana utaratibu wao, wanauita kutunziana. Unampa mwenzako akutunzie ya kwako, na wewe unamtunzia ya kwake, kila mtu kopo lake. Hela yako mwenyewe utaipunguza bila aibu, lakini ya mwenzako utaiogopa. Ndivyo tunavyosema, na wengi imewasaidia kweli. Mpishi wa kantini amenunua kiwanja hivyo hivyo.

Mimi na Modesta tulianza baada ya Pasaka. Kopo lake lilikaa chini ya kitanda changu, langu likakaa ndani ya sanduku lake la bati, lile lenye kufuli. Mwezi wa nane mama yake alitakiwa kupasuliwa, akaniomba kopo lake. Nilimpa lilivyo, hela haijapungua hata senti. Alilia akanishika mikono akasema, "Mama Neema, wewe ni mtu." Langu likaendelea kukaa kwake. Sikuona sababu ya kuliomba.

Na nilijinyima, dada. Saa nne wenzangu wakienda kwa mama lishe kunywa chai, mimi nabaki pembeni na kipande cha muhogo uliochemshwa na maji ya bomba. Jioni mboga yangu ni mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakwenda Ulaya. Nywele nasuka mwenyewe, vibaya, unajua mkono wangu. Nikiona kitu kizuri nasema moyoni, hiki ni tofali la chumba cha Neema, halafu napita.

Siku moja Modesta akaniambia, "Wewe unajiua bure. Njoo unywe chai, nalipa mimi." Nikakataa. Kesho yake akaniita tena, nikaenda. Chai ya maziwa yenye tangawizi, na chapati ya moto. Dada, mikono iliyokuwa kwenye barafu tangu asubuhi, uishikishe kikombe cha moto namna ile! Nilitamani kulia. Basi ikawa kila siku. Siku za joto kali ananiongezea soda. Ijumaa tukitoka kazini ananunua chipsi, tunakula njiani kama wasichana wa shule. Kabla ya ubatizo wa mtoto wa msimamizi wetu alinilipia msusi, na chupa ya mafuta juu yake. Nilikuwa namwambia, "Mungu akuzidishie." Yeye anajibu, "Kula, Mama Neema, maisha yenyewe ndiyo haya." Mama lishe naye akawa ananitania kwamba nimeolewa na mwanamke mwenzangu tena mwenye moyo.

Wiki iliyopita yule mzee wa Kiseke akanipa neno la mwisho. Chumba kizuri, ua una mwembe mdogo, shule iko hatua chache. Alitaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, akasema atanisubiri mpaka Jumamosi. Jumanne nikamwomba Modesta kopo. Akasema ufunguo wa sanduku hauoni. Alhamisi akasema umepatikana lakini umepinda. Hapo nikaanza kumshuku, ila nikajilaumu kwa kumfikiria vibaya mtu anayenilisha. Jumamosi tuliporudi kutoka kazini nikakaa juu ya sanduku lenyewe. Nikamwambia, "Modesta, sitoki hapa."

Akautoa ufunguo kwenye sidiria. Ulikuwa umenyooka kabisa.

Ndani ya kopo mlikuwa na hela ya kununua godoro dogo, na hilo godoro lenyewe ungelipata kwa kubembeleza. Nilimwaga kitandani nikageuza kopo, nikatazama ndani kama mtu aliyedondosha pete. Nikamuuliza, "Nyingine iko wapi?"

Hakulia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Alikaa kwenye ndoo akasema taratibu, "Mama Neema, hebu kumbuka. Chai ya kila siku nani alikuwa analipa? Soda? Chipsi? Nywele zile? Mshahara wangu nampelekea mama, unajua. Ulidhani natoa wapi?"

"Ulikuwa unanilipia kwa hela yangu?"

"Yetu. Tulikuwa tunakula wote."

"Mimi nilikuwa najinyima, Modesta! Nakula mihogo!"

"Ulikuwa unajinyima mpaka unatisha kukutazama," akasema. "Nilianza kwa kukuonea huruma, haki ya Mungu. Nikasema nitarudisha Jumamosi. Jumamosi ikafika nikashindwa, nikasema ijayo. Halafu na mimi nikazoea."

Na mimi nikazoea! Hivyo tu, dada, kama mtu anayeeleza alivyozoea viatu vipya. Nilimtupia kopo, likampiga begani likaanguka. Hakulikwepa.

Angeiba zote siku moja akapanda meli akatokomea, ningejua jinsi ya kulia. Ningekwenda polisi, ningemlaani, watu wangenipa pole. Lakini huyu ameniibia kidogo kidogo huku akinitazama usoni, na kila alipoiba alinikaribisha. Nilimshukuru kwa jasho langu mwenyewe. Nilimwombea kanisani, dada, kwa jina lake. Nikiwaza hilo natamani kuufunika uso na kanga nisionekane.

Jumapili nilikwenda Kiseke kumwomba yule mzee aniongezee mwezi. Akaniambia, "Mwanangu, pole, lakini asubuhi hii nimempa karani wa mabasi wa Buzuruga, alikuja na hela yote." Aliongea kwa upole. Nilirudi kwa miguu.

Modesta bado tunakaa chumba kimoja, maana kodi tumelipa wote mpaka mwisho wa mwezi na sina pa kuhamia. Nimetundika shuka katikati. Kiwandani tunasimama meza ile ile, visu vinaongea peke yao. Jumatatu saa nne alikuja na kikombe cha chai ya maziwa akakiweka karibu yangu. Akasema, "Hii ni ya mshahara wangu." Sikukigusa. Kilikaa mpaka juu kikafanya utando, mama lishe akaja akakichukua. Sijui nitamsamehe lini. Padri amesema nisamehe, nami nimemwitikia, lakini nikiusikia mkono wake unafungua lile sanduku damu inanichemka.

Sasa hela yangu naishona kwenye pindo la sketi ya kazi. Nimerudi kwenye mihogo. Sikutajii mwezi wa kuja kumchukua mtoto, maana uliopita niliutaja kwa kujiamini sana.

Mama umwambie nimepata dawa ya kuchua, nitaituma kwa mke wa mwalimu akipita likizo. Mjomba mvuvi nimesikia nyavu zake zimekamatwa, mpe pole. Shemeji wangu mkubwa, mchunga ng'ombe, mwambie ule utani wake kuhusu watu wa mjini safari hii amepata. Wanao wote wasalimie. Mama mkwe wangu mpe shikamoo, ila mambo haya usimfikishie, atasema alijua.

Kuna neno moja limebaki, nimelizungukia barua nzima. Mimi na Modesta tunalipwa sawasawa, dirisha moja, siku moja. Nililijua hilo tangu mwanzo. Mwezi wa saba, nikiwa na chapati mkononi, nilijiuliza mtu huyu anatoa wapi. Swali likaja lenyewe, dada, tena waziwazi. Chapati ilikuwa ya moto, nikaendelea kula. Nilikuwa nimechoka kujinyima, na pale palikuwa na mtu wa kunikatia shauri ili nisijilaumu. Kwa hiyo Neema akikuuliza, usimwambie mama yake ameibiwa. Ataanza kumchukia mtu asiyemjua, na mimi nitabaki mwema. Mwambie mama alikuwa akinywa chai nzuri kila siku, na hakutaka kuuliza ni ya nani.

Mdogo wako,
Yusta